Ufunguo Atakaa Nao Nani?

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye mkutano wa "kukusanya maoni ya wadau" kuhusu jengo jipya la makumbusho ya jamii. Haukuwa hapa Didia. Ulikuwa katika mji mmoja wa ukanda wetu huu wa dhahabu, na mji wenyewe siutaji, maana ugomvi wangu si na ofisi moja. Niliondoka nyumbani alfajiri, nikabanana kwenye Hiace, nikafika ukumbini nina vumbi hadi kwenye kope. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa rangi. Vioo, vigae, nguzo ndefu, bustani yenye mitende ya mapambo. Mchoraji alikuwa ameweka na vijitu vidogo vinavyotembea mbele ya jengo. Nikasogea kuvitazama: karibu vyote vilikuwa Wazungu wenye mabegi mgongoni.

Tukaulizwa maswali matatu. Bati liwe rangi gani? Jengo liitwe jina gani? Mgahawa ukae upande upi? Tukajadiliana kwa bidii, na mimi nikiwemo, nikatetea rangi ya udongo kama vile nimetumwa na mizimu. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, kanga imefungwa kifuani, akanyoosha mkono. Akasema: "Mimi nauliza tu, wanangu. Mtaweka nini ndani? Na ufunguo atakaa nao nani?"

Mwenyekiti akatabasamu. "Swali zuri sana, mama. Tumelipokea." Tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda na nauli, tukatawanyika. Ninavyojua mimi, yule bibi hajajibiwa hadi leo. Lakini saini yake ipo, na bila shaka iko mahali fulani ndani ya ripoti, ikithibitisha kwamba wananchi walishirikishwa.

Ninaandika haya kwa hasira, nakiri. Ila hasira yangu ina hoja moja tu: mwananchi anayeitwa baada ya mchoro kukamilika hajaombwa maoni, ameombwa makofi. Na makumbusho ya jamii yanayoanza na jengo yatakuja kuwa ghala lenye vigae. Swali la bibi ndilo linalotakiwa kuwa la kwanza kwenye ajenda, kabla hata mhandisi hajanoa penseli.

Mtu ataniambia, aah, mambo ya utaratibu hayo, unakuza mambo. Basi tuiangalie ardhi hii ya Shinyanga, maana yenyewe imekwisha kufanyiwa jaribio hili mara tatu.

Mara ya kwanza walikuja wakoloni na vita yao dhidi ya mbung'o. Kisayansi walikuwa na sababu: mbung'o huua ng'ombe na kuleta malale. Dawa yao ikawa kufyeka. Misitu ikaondolewa kwa maeneo makubwa, na baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamalizia kazi. Tukabaki na nchi kavu inayopeperuka. Mara ya pili ilikuwa Operesheni Vijiji, ambayo mkoani kwetu wazee wanaikumbuka kwa mwaka 1974. Msukuma aliyezoea kukaa na mji wake peke yake, nyumba katikati, zizi na mashamba pembeni, akapangwa kwenye mstari kama mwanafunzi paredini. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati. Nani angekataa shule? Lakini nyumba zilipangwa kwenye karatasi na mtu asiyeulizwa wala kuuliza, na watu wengi walirudi walikotoka mara tu mkono ulipolegea.

Mara ya tatu mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tunaouita HASHI. Wataalamu hawa nao walikuja na miche na mipango yao. Kilichowaokoa ni kwamba walikubali kujifunza kitu ambacho kila mchungaji wa hapa alikuwa anakijua: ngitili. Ngitili ni eneo la malisho unalolifunga wakati wa masika ili ng'ombe wale kiangazi. Liko la mtu na liko la kijiji, na lina walinzi na adhabu zake. Hakuna aliyehitaji semina ya kuelezwa ngitili ni nini. Mradi ukaipa nguvu desturi iliyokuwepo, na hadi unafungwa mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto. Mwaka 2002 ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ardhi ni ileile na watu ni walewale. Kilichobadilika ni nani alishika ufunguo wa lango la ngitili.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba watu wa huku hawajui kushirikishwa. Wanajua, na wanajua pia kutofautisha kushirikishwa na kupewa soda.

Tuje kwenye makumbusho yenyewe. Mfano tulio nao si wa mbali: Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, barabara ya Musoma. Mwanzilishi wake alikuwa Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Ndiyo, mgeni. Lakini mgeni yule alikaa na wazee na vyama vya ngoma, mila zikachambuliwa kwa miaka kabla makumbusho hayajaanzishwa mwaka 1968. Ndiyo maana majengo ya pale hayafanani na ofisi ya halmashauri. Banda la kifalme lina umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimo ngoma za watemi. Banda jingine ni la vyama vya ngoma, Bagalu na Bagika, wanaofuatisha uzao wao hadi kwa waganga wawili mahasimu, Gumha na Ngika. Kuna hata maonyesho ya namna Wasukuma wa marika mbalimbali walivyokuwa wakihesabu moja hadi kumi, kila rika na maneno yake. Wewe mpenda lugha unayesoma hapa, hebu fikiri: mtu alihifadhi hesabu! Mchora ramani wa mjini asingelijua hilo hata ukimlipa. Linajulikana kwa kukaa na watu wanaohesabu.

Na kila Juni, Bulabo inapofika, uwanja unajaa. Bagalu upande mmoja, Bagika upande wa pili, wacheza nyoka, wacheza majembe, watu wanasukumana kutafuta pa kuonea. Hawaji kutazama makumbusho. Wanakuja kushindana, na makumbusho yako pale kwa sababu wao wapo. Ukitaka kujua kama makumbusho ni ya jamii, usihesabu watalii. Hesabu watu wanaokuja bila kukatiwa risiti.

Sisemi Bujora ni pepo. Pamekua chini ya mwavuli wa Kanisa, na mtu ana haki ya kuuliza mganga wa jadi, au Mwislamu wa Shinyanga mjini, ana sauti gani kwenye maamuzi ya mahali kama pale. Ni swali halali. Lakini ni swali la mtu mwenye nyumba, anayegombania nafasi ndani yake. Kwenye lile jengo la vioo nililooneshwa, hapakuwa hata na cha kugombania.

Kwa kuwa hapa tunasoma vitabu, niseme na la kitabu. Makumbusho makubwa kuliko yote ya kanda ya Ziwa hayana bati wala msingi. Aliyajenga Aniceti Kitereza, Mkerewe, kwa kalamu. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Humo mna jinsi pombe inavyopikwa, jinsi mtego unavyotegwa, jinsi mkwe anavyoombwa radhi, dawa, vyombo, kazi za ziwani, vyote vikitumika mikononi mwa watu wenye majina na machozi. Hakuna kabati la vioo linaloweza kukuonesha mundu ukiwa kazini namna ile. Mswada ukakosa mchapishaji. Mwishowe mzee mwenyewe aliutia katika Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki.

Nikikifungua kitabu kile huwa najiuliza: miaka ile 35, waliokuwa na fedha na mitambo walikuwa wanatafuta nini? Mtu alikuwa ameshakusanya kila kitu, na kwa lugha ya wenyewe. Wao waliona kasoro kwenye lugha hiyohiyo. Walikuwa na jengo wakakosa cha kuweka ndani, na chenyewe kilikuwa Ukerewe, sandukuni, kinangoja. Hivyo ndivyo hasa ninavyoogopa kuhusu makumbusho yanayopangwa kuanzia kwenye paa. Wakati tunachagua rangi ya bati, kuna mzee mahali fulani anakufa na nyimbo mia mbili.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana si wajinga.

Wa kwanza anasema: wananchi hawajui uhifadhi. Hawajui unyevu, mchwa, mwanga unaofifisha ngozi. Kweli. Na mimi sijui. Lakini sikusema mhunzi achore paa. Nimesema mhunzi aseme nini kikae chini ya paa na nani aruhusiwe kukigusa. Mhandisi aje baadaye na hesabu zake, tutamheshimu. Tena tusijidai sana na utaalamu. Beit el Ajaib ya Zanzibar ilikuwa na wataalamu, ilikuwa ndani ya Mji Mkongwe ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikaua watu wawili. Jengo halijitunzi. Linatunzwa na watu wanaoliona la kwao, wanaopiga kelele ufa ukiwa bado mwembamba, na na wakubwa wanaozisikia kelele hizo.

Wa pili anasema: ukiwaita watu wote mtagombana miaka kumi, na mfadhili ana tarehe zake. Hapo namwelewa. Nimekaa kwenye kamati, najua jinsi koo mbili zinavyoweza kulala njaa kwa ajili ya ngoma moja. Lakini ugomvi haukwepeki, unaahirishwa tu. Mwezi Novemba 2025, kule Benin City nchini Nigeria, makumbusho mapya ya sanaa ya Afrika Magharibi, kazi ya fedha nyingi na wasanifu wa sifa kubwa, yalivamiwa na waandamanaji wageni wakiwa tayari wamefika kwa shughuli za ufunguzi. Walitaka yawe ya mfalme wao, Oba. Siwaungi mkono waliovamia. Nasema tu: swali la nani mwenye ufunguo lisipoulizwa mapema ukumbini, litakuja kuulizwa mlangoni, na safari hiyo haliulizwi na bibi mwenye kanga.

Wa tatu ndiye mgumu, na yeye hunikosesha usingizi. Anasema: unawatukuza wananchi. Je, wakitaka kuficha? Kanda hii ilichinja vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekundu kwa moshi wa kuni na samadi jikoni miaka nenda rudi. Kanda hii, kuanzia miaka ya 2007 na 2008, ilijulikana duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino, hadi Shule ya Msingi Buhangija hapo Shinyanga ikawa kimbilio la watoto ambao kosa lao lilikuwa ngozi. Kijiji kikipiga kura, je, kitataka chumba cha habari hizo?

Sijui kijiji kitapigaje kura. Ninajua mimi nitasema nini nikisimama. Nitasema chumba hicho kiwepo, na kiwe cha kwanza ukiingia, kabla ya ngoma na kabla ya kiti cha mtemi. Na ndani yake kiwekwe jiko la mafiga matatu, basi, ili kila mtoto ajue macho ya bibi yake yaliwekundu vipi. Nitashindwa? Huenda. Lakini hebu ulizeni ni nani mwenye uwezekano mkubwa wa kukiruka chumba hicho: wanakijiji ambao mama zao walikimbia usiku, au mshauri anayetaka mgeni atoke amefurahi na kununua kikapu? Kwenye ule mchoro wa vioo nilikitafuta. Palikuwa na duka la zawadi.

Vivyo hivyo kwa dhahabu na almasi. Kila anayepanga makumbusho huku anataka jiwe la Mwadui, anataka habari za Williamson na almasi ile ya waridi aliyozawadiwa Binti Elizabeth wa Uingereza mwaka wa harusi yake, 1947. Sawa, iwekwe. Lakini nani ataweka moko na kamba ya mchimbaji mdogo? Nani ataweka matimba ya duara lililofukia watu, kelele za karasha, mikono ya mama anayeosha mchanga mwaloni? Nani ataweka habari za wachimbaji walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996? Vitu hivyo havina thamani mnadani. Vina thamani kwa aliyevishika. Na aliyevishika hatavileta kwenye jengo ambalo mlinzi wake atamuuliza, "Wewe unataka nani hapa?"

Basi tufanyeje? Nitasema kwa Didia, maana ndiko ninakolala.

Didia iko kando ya barabara itokayo Shinyanga kwenda Tinde. Malori yanapita, mabasi yanapita, na wengi walio ndani hawajui kama wamepita mahali. Sina habari ya mfadhili anayetaka kutujengea chochote, na nashukuru, maana inatupa muda. Ningependa tuanze bila jengo. Mwaka mzima wa kukusanya, na pa kukusanyia tunapo: shikome. Wasiojua, shikome ni moto wa jioni unaowashwa kwa samadi kavu uani, wanaume na watoto wakauzunguka, wazee wakasimulia. Tuiwashe upya, na safari hii akina mama wasibaki jikoni. Vijana waje na simu zao, warekodi. Kila kaya itaje kitu kimoja: kibuyu, bao la isolo, redio ya mwaka wa Uhuru, kadi ya chama cha pamba, upinde wa sungusungu. Wasikilete, wakitaje tu. Kiandikwe kwenye daftari: ni nini, kilitoka wapi, yuko tayari kukitoa au kukiazima, na masharti yake. Daftari hilo ndilo makumbusho. Likijaa, tutajua tunahitaji chumba cha ukubwa gani. Huenda tukagundua tunahitaji kabati moja na uwanja mkubwa wa ngoma.

Baada ya hapo ndipo aitwe fundi, na aitwe mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wengi tunausahau mkutano huu, tunadhani ni wa kusomewa mapato na matumizi. Kwa sheria zetu, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini yake. Yaani kiwanja cha makumbusho kinapita kwenye mkono wa yule bibi. Anaweza kusema ndiyo. Anaweza kusema hapana. Maoni yasiyoweza kusema hapana ni mapambo.

Na fedha? Fedha katika kanda hii haijawahi kuwa tatizo la kwanza. Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, mwenye leseni ya uchimbaji anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Madarasa yanajengwa kwa njia hiyo, zahanati zinajengwa. Makumbusho nayo yanaweza. Ila daftari liwe limetangulia, vinginevyo tutapewa jengo lenye nembo ya mgodi mlangoni, ndani mna picha za mgodi.

Mwisho, ufunguo. Mimi napendekeza uwe na makufuli matatu, kama sanduku la kikoba: ufunguo mmoja kwa wazee, mmoja kwa akina mama, mmoja kwa vijana, na mlango usifunguke mpaka watatu wawepo. Mtasema ni usumbufu. Ni usumbufu kweli. Akina mama wa vikoba wamekaa na usumbufu huo miaka yote, na fedha zao zipo.

Kama una wazo bora kuliko makufuli matatu, lilete, tubishane. Ila mkiitwa kwenye mkutano wa aina ile niliokwenda mimi, mkakuta mchoro umeshatundikwa na soda zimeshapangwa mezani, nawaomba kabla ya kusaini mahudhurio mnyooshe mkono mrudie swali la yule bibi. Wakisema wamelipokea, msikae chini. Mngojee jibu.